Safari ya kuteleza mawimbini kwenye kisiwa cha volkano: panga kwa pande za kisiwa, si kwa ufukwe mmoja

MwambaMweusi:

Wakuu, uzi huu ni wa wanaopanga kwenda kuteleza mawimbini kwa ubao kwenye visiwa vya volkano: Canary, Hawaii, Azores, Réunion, Tahiti na vingine vya aina hiyo. Watu wengi huanza na swali la "ufukwe gani mzuri?" Kwa visiwa hivi swali hilo halikupeleki mbali. Kisiwa kina pande, na karibu kila siku kuna upande uliochafuka na upande uliotulia. Ukikodi chumba upande mmoja halafu huna usafiri, siku nyingi utakaa unatazama maji.

Sababu ni umbo lenyewe. Kisiwa cha volkano ni mlima uliosimama kutoka kilindini. Hakina ule uwanda mpana wa maji mafupi unaozunguka mabara. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapofika nusu ya urefu wake, yaani nusu ya nafasi kutoka kilele hadi kilele. Wimbi la kipindi cha sekunde 10 (muda kati ya kilele kimoja na kinachofuata) lina urefu wa mita 156 hivi kwenye maji marefu, kwa hiyo linaanza kuhisi sakafu kwenye kina cha mita 78. La sekunde 16 lina urefu wa karibu mita 400, nalo linaihisi tangu mita 200. Kwenye bara lenye uwanda mpana, hilo la sekunde 16 hukokota sakafu kwa makumi ya kilomita na kuacha nguvu zake njiani. Kwenye kisiwa cha volkano kina cha mita 200 kinaweza kuwa karibu sana na nchi kavu. Linafika zima, linapanda ghafla, linavunjika kwenye maji ya kiunoni.

Ndiyo maana kimo peke yake hakitoshi kwenye utabiri. Mita 2 kwa sekunde 16 hubeba nguvu mara mbili ya mita 2 kwa sekunde 8. Aliyezoea mita 2 za ufukwe wa mchanga wenye kipindi kifupi aanze na mita 1 au 1.2 huko, na hata hiyo aitazame kwanza.

La pili ni upepo. Milima hii ni mirefu: Teide pale Tenerife una mita 3,715, Mauna Kea wa Hawaii mita 4,207. Pepo za biashara (kaskazini-mashariki kwa visiwa vya kaskazini ya ikweta, kusini-mashariki kwa vya kusini) zikigonga mlima, nyuma yake panatulia, ila kwenye mabega mawili ya kisiwa upepo unabanwa na kuongezeka kasi. Alfajiri hewa ya baridi huteremka mlimani kuelekea baharini na kuyanyoosha mawimbi. Jua likishapasha ardhi, kuanzia saa 4 au 5 asubuhi, upepo hugeuka ukatoka baharini na uso wa maji unaharibika. Saa zako nzuri ni tangu saa 12 asubuhi hadi hapo.

Kwa hiyo mpangilio ni msimu kwanza, kisha upande, kisha malazi na gari. Tiketi ni ya mwisho.

---

mgeni_wa_maji:

Shukrani mkuu. Tuko wanne: wawili wanasimama kwenye mawimbi meupe tu (yaliyokwisha kuvunjika), wawili wanadaka wimbi safi na kugeuka kushoto na kulia. Twende msimu gani, na kisiwa gani kitatufaa wote?

---

BintiBamvua:

Ndugu yangu, kundi lenye viwango viwili linahitaji kisiwa chenye ufukwe wa mchanga na mwamba kwa umbali mfupi. Hilo linapunguza orodha haraka sana.

Misimu inafuata dhoruba. Pwani zinazotazama kaskazini na kaskazini-magharibi kwenye Atlantiki na Pasifiki hupata mawimbi makubwa Oktoba hadi Machi, dhoruba zinapopita kaskazini. Pwani zinazotazama kusini kwenye Bahari ya Hindi na Pasifiki hupata yake Mei hadi Septemba, kutoka bahari ya kusini. North Shore ya Oahu, Hawaii, kati ya Novemba na Februari si mahali pa wawili wenu wa mawimbi meupe. Kisiwa hichohicho, upande wa kusini, Waikiki, hufundisha wanaoanza mwaka mzima, na mawimbi yake hukua kidogo wakati wa kiangazi cha kaskazini. MwambaMweusi hapo juu kasema pande, na huu ni mfano wake mzuri.

Réunion ni suala la pekee. Tangu Julai 2013 mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani alipiga marufuku kuogelea na kuteleza nje ya maji tulivu yaliyokingwa na matumbawe na nje ya maeneo yaliyotengwa, kwa sababu ya mashambulizi ya papa yaliyoongezeka kuanzia 2011. Kanuni hizo zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo kabla ya kuweka mawimbi ya Saint-Leu, Réunion, kwenye ratiba soma amri inayotumika wakati huo, na pale ufukweni soma bendera na mabango. Maji yakiwa na matope baada ya mvua, usiingie hata kama wengine wapo. Papa ng'ombe hupenda midomo ya mito na maji machafu.

Kwa ninyi wanne mimi naona Lanzarote, kisiwa cha Canary, mwishoni mwa Septemba hadi Novemba mwanzoni. Maji bado ni nyuzi 21 hadi 23, zile pepo kali za Julai na Agosti zimepungua, na mawimbi ya kaskazini-magharibi yanaanza kufika bila kuwa ya Januari.

---

Nahodha_wa_Ubao:

Naunga mkono Lanzarote. Niichambue kidogo, maana ndiyo inaonyesha hesabu ya pande vizuri.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 60 hivi na upana wa 25 hivi, kwa hiyo kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa gari si safari kubwa. Uwanja wa ndege uko karibu na Arrecife, upande wa mashariki. Mawimbi mengi yako kaskazini-magharibi.

Famara ni ufukwe mrefu wa mchanga chini ya majabali marefu. Wawili wenu wa mawimbi meupe wakae hapo. Maji yakijaa sana wimbi hukaribia mawe ya juu ya ufukwe, kwa hiyo maji ya katikati ndiyo yanafaa kujifunzia. Mikondo inayovuta kuelekea baharini ipo. Ukiona ukanda ambao mawimbi hayavunjiki na maji yana rangi nzito zaidi, hapo ndipo maji yanatoka, na anayejifunza asimame mbali napo.

Mwisho wa kijiji cha Caleta de Famara kuna San Juan, mwamba wenye wimbi la kushoto na la kulia. Wawili wenu wengine wanaweza kuanza hapo siku ya mita 1, maji yakiwa nusu yanajaa. Mbele zaidi, La Santa, kuna El Quemao. Hilo ni wimbi zito linalovunjika juu ya mwamba wa lava kwenye maji mafupi mno. Litazameni mkiwa nchi kavu na liachieni wenyewe.

Upande wa mashariki, Arrieta na Jameos del Agua, unahitaji mawimbi ya kaskazini yanayozunguka ncha ya kisiwa. Siku ambayo kaskazini-magharibi ni kubwa mno na upepo umegeuka wa magharibi, huko ndiko kwa kwenda. Mawimbi ya kipindi kirefu hupinda kuzunguka kisiwa zaidi kuliko ya kipindi kifupi, kwa hiyo siku ya sekunde 15 upande wa pili unaweza kuwa na kimo kizuri wakati siku ya sekunde 9 hauna kitu.

Angalieni pia vivuli. Lanzarote yenyewe huizibia Fuerteventura mawimbi ya kaskazini-mashariki, na visiwa vilivyo magharibi zaidi hupunguza yanayotoka magharibi. Ramani za utabiri wa dunia nzima zina vipimo vipana, kisiwa kidogo hakionekani vizuri ndani yake. Namba ya kimo inatoka kwenye maji ya wazi. Chukua mwelekeo kwa digrii, kisha chora mstari mwenyewe kwenye ramani mpaka ufukwe unaoutaka. Mstari ukigonga ardhi, punguza matumaini.

---

mgeni_wa_maji:

Hapo kwenye utabiri naomba ufafanuzi. Nianze kuutazama lini, na nisome nini hasa?

---

Nahodha_wa_Ubao:

Siku 7 hadi 10 kabla unatazama tu kama kuna dhoruba inayoundwa. Siku 3 au 4 kabla, mwelekeo na kipindi vinaaminika. Upepo unauamini jana yake jioni na asubuhi yenyewe.

Soma vitu vinne pamoja: kimo, kipindi, mwelekeo, upepo. Kama kuna mafungu mawili ya mawimbi (mfano mita 1.5 kwa sekunde 14 kutoka kaskazini-magharibi, na mita 1.2 kwa sekunde 7 kutoka kaskazini-mashariki), usichukue jumla yake. Hilo la sekunde 7 ni la upepo wa karibu, nalo litavuruga la kwanza kwenye kila ufukwe unaoliona. Tafuta ufukwe uliofichwa na la pili.

Kuna jambo linalowaponza wageni kwenye visiwa hivi. Mawimbi ya kipindi kirefu husafiri haraka zaidi. Fungu la sekunde 16 huenda karibu kilomita 45 kwa saa, la sekunde 10 karibu 28. Dhoruba ikiwa kilomita 2,000, la sekunde 16 linafika baada ya saa 44 hivi, la sekunde 10 baada ya siku tatu. Kwa hiyo yanayotangulia ni marefu na madogo. Asubuhi boya la kupimia mawimbi linaonyesha sentimita 50 kwa sekunde 18, bahari inaonekana imelala, mawimbi yanakuja kwa mafungu, kila baada ya dakika 15 au 20. Mtu anaingia akidhani ni siku ndogo, na saa mbili baadaye hana njia ya kutokea. Ukiona kipindi kimeruka kutoka sekunde 9 hadi 17 kwenye boya, hiyo ndiyo taarifa, hata kama kimo bado ni kidogo.

Na ukiwa Hawaii, ukisikia "futi 4" fahamu kwamba wenyeji wengi hukadiria mgongo wa wimbi. Uso wake mbele unaweza kuwa futi 8.

---

BintiBamvua:

Naongezea maji kujaa na kupwa, maana kwenye mwamba wa lava ndiyo tofauti ya siku njema na kushonwa nyuzi.

Canary wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine) tofauti ya maji hufika mita 2.5 na zaidi. Mwamba uliokuwa na mita 2 za maji juu yake saa 2 asubuhi unaweza kuwa wazi mchana. Hawaii tofauti haifiki mita 1, hivyo huko upepo na mawimbi ndivyo vinavyoamua. Tahiti ni sentimita 30 hivi tu, na maji hujaa karibu na saa 6 mchana na saa 6 usiku kila siku.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kama mna wiki moja tu na mnaanza mwamba, ipangeni iangukie maji mafu, kinyume cha bamvua. Maji yanasogea taratibu, na saa za usalama zinakuwa nyingi zaidi kwa siku. Kanuni ya kuanzia: ingia maji yanapojaa, yakiwa yamevuka nusu. Unapowaza kutoka, maji bado yanajaa na njia ya kutokea inazidi kuwa nzuri. Ukiingia yanapopwa, kila dakika mwamba unapanda.

---

Pezi_Tatu:

Hiyo ya kutoka ndiyo watu hawaipangi. Wanajua pa kuingilia tu.

Kabla ya kuvaa suti ya mpira ya majini, kaa dakika 20 hadi 30 mahali pa juu. Hesabu fungu kubwa lina mawimbi mangapi na utulivu unaofuata una dakika ngapi. Tafuta mlango: lava ilitiririka baharini kwa vidole, na kati ya kidole na kidole mara nyingi kuna mfereji wa maji marefu ambamo mawimbi hayavunjiki. Humo ndimo mnapitia. Angalia waliomo wanatokea wapi. Kama hakuna mtu ndani na siku inaonekana nzuri, jiulize kwa nini.

Kuingia kwenye jiwe: kamba imefungwa mguuni, lakini iliyobaki ishike mkononi pamoja na ubao, isinase kwenye mashimo ya lava. Subiri wimbi la mwisho la fungu. Maji yakipanda hadi ukingo wa jiwe, ubao mbele, ruka ukilala bapa juu yake na upige mikono mara moja kufuata maji yanayorudi. Usiruke maji yakiwa yameshuka. Utaangukia jiwe, na wimbi linalofuata litakukuta hapohapo. Usigeuzie bahari mgongo hata mara moja.

Kutoka: baki nje mpaka fungu lipite. Ingia nyuma ya wimbi dogo la mwisho, ukiwa umelala tumbo juu ya ubao, mapezi yakiwa kitu cha mwisho unachojali. Maji yakikuweka juu ya jiwe, shika kwa mikono na magoti, acha maji yashuke, kisha simama na upande haraka. Wanaovunjika vifundo ni wale wanaosimama mapema na kukanyaga shimo.

Ukianguka kwenye wimbi, anguka bapa, mgongo au ubavu, mikono ikizunguka kichwa. Usipige mbizi. Usitafute sakafu kwa miguu, maana ndipo zilipo nyufa na fuma (wale viumbe wa bahari wenye miiba). Ukiibuka, mkono mmoja unatangulia mbele ya uso, kwani ubao unaweza kuwa unarudi.

Viatu vya mwamba vya milimita 2 au 3 chukueni. Kwa lava si anasa.

---

mgeni_wa_maji:

Na mbao? Tubebe zetu au tukodi huko? Tuna ubao wa futi 6 na inchi 2, na mwingine wa futi 6 na inchi 10.

---

Fundi_Resini:

Wawili wa mawimbi meupe wakodi ubao laini wa futi 8 hukohuko. Kuusafirisha ni usumbufu bila faida, na Famara shule ni nyingi. Ninyi wengine bebeni zenu, ila ujazo utazameni. Mtu wa kilo 75 wa kiwango chenu anafaa lita 34 hadi 38. Suti inaongeza uzito na wimbi linapanda haraka, kwa hiyo anayekadiria aelekee juu, si chini. Ubao mwembamba utawachelewesha kudaka, na kuchelewa kwenye mwamba ndiko kunakoangusha.

Kufunga: ng'oa mapezi yote, kwangua nta ya kuzuia miguu isiteleze ubaoni (ikiyeyuka ndani ya mfuko inaganda kila mahali). Pua na mkia ndivyo vinavyovunjika, kwa hiyo vivishe sponji nene au ile mipira ya kufunikia mabomba. Kingo zizungushie taulo na suti. Mbao mbili ziwe uso kwa uso na karatasi za mapovu katikati, ya pili ikigeuzwa pua kwa mkia. Mfuko usipite uzito ulioandikwa kwenye tiketi, na piga simu kuuliza urefu wa juu unaoruhusiwa. Kizuizi huwa ni ndege ndogo za propela za kati ya visiwa, si ile kubwa ya kwanza. Ubao wa EPS (povu jeupe jepesi) wenye skrubu ya hewa ufunguliwe kabla ya ndege na ufungwe kabla ya maji. Andika skrubu hiyo kwenye orodha ya asubuhi ya kwanza, maana ikisahaulika ubao unakunywa maji.

Vipuri: kamba moja ya ziada ya urefu wa ubao na unene wa milimita 6 au 7, seti moja ya mapezi, ufunguo wake (inchi 3/32, unafungua mifumo yote miwili ya kawaida), na uzi wa kufungia kamba. Nta ifuate joto la maji: nyuzi 19 hadi 24 ni ya vuguvugu, zaidi ya hapo ni ya tropiki, chini ya hapo ni ya baridi. Ukipaka ya baridi kwenye maji ya nyuzi 26 inakuwa mafuta.

Resini na kikaushio chake msiweke kwenye begi la ndege. Nunueni mkifika, ile ya mrija inayokauka kwa jua. Na hapa kuwa makini: resini ya polyester huyeyusha povu la EPS. Kama hujui ubao wako ni wa povu gani, nunua ya epoksi, inashika kwenye yote mawili.

Ukipata tundu, toka majini siku hiyohiyo. Osha kwa maji baridi, simamisha ubao tundu likiwa chini ili maji yachuruzike, kausha kivulini hadi usione unyevu ukibonyeza kwa tishu. Ubao uliozibwa ukiwa na maji ndani hubadilika rangi na ganda huachana na povu. Piga msasa namba 80 sentimita 2 kuzunguka tundu, futa vumbi, jaza resini kivulini, funika kwa plastiki laini ili isambae, kisha itoe juani kwa muda ulioandikwa kwenye mrija. Malizia msasa 120, halafu 240. Tundu linalopita ukubwa wa sarafu linahitaji kitambaa cha faibaglasi chini ya resini, vinginevyo litafunguka kwenye anguko la kwanza.

---

DawaNaChumvi:

Vidonda. Lava inachuna ngozi na kuacha punje za mchanga mweusi ndani. Chemsha maji au tumia ya chupa, miminia kwa wingi na kwa nguvu, sugua taratibu kwa sabuni mpaka punje zitoke, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Usigandishe kwa gundi kidonda ambacho hujakiosha. Wekundu unaotanuka, joto au homa siku ya pili ni hospitali.

Fuma: loweka mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Pima kwa mguu mzima au kwa kiwiko, maana ulioumia hauhisi moto sawasawa. Toa miiba inayoonekana kwa kibano, ukivuta kwa mstari ulioingilia. Mwiba uliozama karibu na kiungo mwachie daktari.

Chanjo ya pepopunda iwe ndani ya miaka 10 kabla ya kusafiri.

---

BintiBamvua:

Suti: Canary kuanzia Desemba hadi Aprili maji hushuka hadi nyuzi 18 au 19, vaeni 3/2 ya mwili mzima (milimita 3 kiwiliwili, 2 mikono na miguu). Oktoba ile ya mikono mifupi inatosha wengi, lakini upepo wa asubuhi una baridi. Azores wakati wa baridi ni nyuzi 16 hivi, huko ni 4/3. Hawaii kaptula na fulana ya mpira nyembamba.

Hati: Canary na Azores ziko ndani ya Schengen (eneo la visa moja la Ulaya), wakati Réunion na Tahiti haziko, ingawa ni za Ufaransa. Mwenye visa ya Schengen peke yake anaweza kuzuiwa kupanda ndege ya huko. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Hiyo bima ya visa mara nyingi haigusi michezo ya majini, kwa hiyo soma ukurasa wa mambo yasiyolipiwa utafute kuteleza mawimbini na uokoaji wa helikopta.

---

Mfuatilia_Jivu:

Kuna mtu atauliza, volkano yenyewe je? Kwa siku nyingi haina shida, ila iingizwe kwenye mpango.

Cumbre Vieja, volkano ya La Palma huko Canary, ililipuka tarehe 19 Septemba 2021 ikaendelea hadi 13 Desemba. Lava ilifika baharini mwishoni mwa Septemba, na Novemba ikaufunika ufukwe wa Los Guirres, mahali palipojulikana kwa mawimbi. Uwanja wa ndege ulisimama mara kadhaa kwa sababu ya jivu. Kilauea, volkano ya Hawaii, mwaka 2018 ilijaza ghuba ya Kapoho, na Pohoiki ikapata ufukwe mpya wa mchanga mweusi uliofunga gati la mashua. Maana yake kitabu cha mawimbi cha 2015 kinaweza kukupeleka mahali ambapo hapapo tena.

Kwa vitendo: tazama rangi ya tahadhari kabla ya kulipa (Canary hutumia kijani, manjano, chungwa na nyekundu), chagua tiketi inayobadilishika, usipange ndege ya kisiwa na ile ndefu ya kurudi siku moja. Mwenye pumu awe na dawa yake na barakoa ya FFP2, kwa jivu na pia kwa vumbi la Sahara linalofika Canary na upepo wa mashariki; gesi ya salfa barakoa hiyo haiizuii. Upepo huohuo huipa Famara maji yaliyonyooka, kwa hiyo siku ya vumbi usiifute kabla ya kwenda kuona.

Lava inapoingia baharini usisogee, iwe kwa ubao au mashua. Ule mvuke una asidi na vipande vya kioo, na ardhi mpya ya ukingoni humeguka bila onyo. Julai 2018 bonge la lava liligonga mashua ya watalii Hawaii, wakajeruhiwa watu 23.

---

mgeni_wa_maji:

Mmetupa mengi. La mwisho: gari na wenyeji. Na siku ya kwanza tukifika mchana tufanye nini?

---

Pezi_Tatu:

Gari: mikanda miwili na sponji za juu ya paa vinatosha. Mbao ziwe kifudifudi, mapezi juu na mbele, mkanda wa mbele upite nyuma ya mapezi ili ubao usichomoke. Usongoe mkanda mzunguko mmoja, hautapiga kelele kwa upepo, na chuma chake kikae kwenye sponji, mbali na ubao na kioo. Soma mkataba: mikataba mingi haifidii uharibifu kwenye barabara za vumbi, na njia nyingi za kwenda kwenye mwamba ni za vumbi. Ufunguo wa umeme usiingie majini. Tafuta gari lenye ufunguo wa chuma. Usiegeshe juu ya lava wala kukatiza katikati yake, kwani ni marufuku kwenye hifadhi, na ganda la juu linaweza kuwa na pango chini.

Wenyeji: aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi, usimkatie. Msiingie wote wanne kwa pamoja mahali penye watu watano. Ingieni wawili, kaeni pembeni, mkose mawimbi kadhaa, salimieni. Ukirudi nje zunguka kupitia mlango, usikatize mbele ya anayekuja.

Siku ya kwanza msiingie majini. Kanunueni nta na resini, kisha mwende San Juan na La Santa wakati maji yamekupwa kabisa. Mwamba wote utakuwa wazi: mtaona mlango ulipo, mashimo, na lile jiwe moja lililochomoza ambalo maji yakijaa halionekani. Pigeni picha mkiwa mmesimama mahali mtakapoingilia, na nyingine mtakapotokea. Muwe na alama mbili za nchi kavu zinazopangana, mfano nguzo na kona ya nyumba, zikipangana mjue mko juu ya mlango. Asubuhi yake maji yakivuka nusu, alama hizo ndizo mtakazozitafuta kila mkirudi kusubiri wimbi.